Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri za Nyanda za Juu Kusini: vyumba vya kompyuta vipo, dakika hazipo

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Maafisa Elimu na Maafisa TEHAMA,
Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe.

YAH: WATU KUSHINDWA KUJIFUNZA KOMPYUTA ILHALI KOMPYUTA ZIPO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu. Tunaoandika ni mafundi, walimu wa somo la kompyuta na wakufunzi wa madarasa ya jioni, kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Kila msimu wa bajeti husemwa mambo mawili: kompyuta hazitoshi, na wananchi wanaogopa teknolojia. La kwanza ni kweli nusu. La pili si kweli. Mama wa Soko la Mwanjelwa anayepokea malipo kwa simu na kukagua meseji ya muamala kabla mteja hajageuka haogopi teknolojia hata kidogo. Anachokosa mbele ya kompyuta ni muda wa kushika mausi, mashine isiyozimika katikati ya somo, na mtu wa kumwanzishia panapostahili kuanzia. Hayo matatu yako ndani ya mamlaka yenu, na mengine hayana gharama yoyote.

Tuanze na hesabu. Chukueni chumba chenye kompyuta 8 zinazowaka na darasa la wanafunzi 48. Ratiba inatoa vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki, jumla dakika 80. Kwa kila kipindi toeni dakika 10 za kuhama darasa, kufungua mlango na kusubiri mashine ziwake. Zinabaki 60. Kila kompyuta ina watu 6, hivyo kila mmoja anashika mausi dakika 10 kwa wiki, tena iwapo wanagawana kwa haki, jambo ambalo halitokei: aliyekaa katikati hung'ang'ania, wa pembeni hutazama. Kwa wiki 38 za masomo, dakika 10 ni saa 6 na dakika 20 kwa mwaka mzima. Hakuna fundi cherehani aliyefuzu kwa kukalia mashine saa sita kwa mwaka.

Baadhi ya shule hugawa darasa, 24 wakaingia na 24 wakabaki. Kelele inapungua na mwalimu anapumua, lakini dakika haziongezeki hata moja, kwa kuwa kila nusu sasa inaingia mara moja badala ya mbili. Kinachoongeza dakika ni saa ambazo mlango uko wazi. Chumba hichohicho kikifunguliwa saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kompyuta 8 zinatoa saa 80 kwa wiki, yaani dakika 4,800. Zigawanyeni kwa madarasa manne yenye jumla ya wanafunzi 192: kila mmoja anapata dakika 25. Jumlisheni na zile 10 za ratiba, zinakuwa 35. Hiyo ni zaidi ya mara tatu, na hakijanunuliwa hata kipanya kimoja.

Kinachozuia ni funguo. Ufunguo mmoja uko kwa mkuu wa shule, mwingine kwa mtunza vifaa, na kifaa kikipotea anayeandikiwa barua ya kujieleza ni mwalimu wa somo. Kwa masharti hayo hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayefungua jioni. Tunaomba waraka wa mkurugenzi, ukurasa mmoja tu, unaosema chumba kifunguliwe, msimamizi wa jioni alipwe posho, kila kasha liandikwe namba kwa rangi na namba hiyo iwe kwenye daftari la mali, na makabidhiano kati ya msimamizi na mlinzi yafanyike kwa sahihi kila siku. Zipo shule ambako mashine bado ziko kwenye maboksi yake zikisubiri "uzinduzi". Dhamana ya mwaka mmoja inaisha kompyuta ikiwa bado imevikwa nailoni.

Kwa wanaoanza, watu wawili kwa mashine moja ni mpangilio mzuri. Mmoja anaendesha, mwenzake anasoma maelekezo kwa sauti, na kila baada ya dakika 10 wanabadilishana. Sharti ni moja: msomaji haruhusiwi kugusa mausi. Sharti hilohilo limbane mwalimu. Mwalimu anayenyoosha mkono juu ya bega la mwanafunzi na kumbofyia amemaliza tatizo la dakika ile na kumwachia lilelile kwa kesho. Na kwa shule za Makete na Njombe, vipindi vya vitendo vya mwezi wa sita na wa saba vihamishiwe mchana. Saa mbili asubuhi, kwa baridi ile, vidole vimekufa ganzi na mwanafunzi anaonekana mzito kumbe ana baridi.

Sasa, panapostahili kuanzia. Kwa kawaida somo la kwanza ni historia: abakasi, Charles Babbage, vizazi vya kompyuta. Hayo yasubiri. Anayeanza anakutana na vikwazo vitatu vya mkono: mshale unakimbia kuliko jicho, kubofya mara mbili hakushiki, na kuburuta kunakatika njiani. Vyote vina tiba ndani ya mashine yenyewe. Fungua "Control Panel", ingia "Mouse". Kwenye ukurasa wa "Buttons" kuna kipimo cha kasi ya kubofya mara mbili. Kisogeze upande wa "Slow". Chini yake kuna "ClickLock": ukiiwasha, mtu anabana kitufe kidogo, anaachia, na kitu kinabaki kimeshikwa hadi abofye tena. Kasi ya mshale iko ukurasa wa "Pointer Options", ipunguze. Kazi yote ni dakika mbili kwa kila mashine, na mzee wa miaka hamsini aliyeambiwa hana mkono wa kompyuta anagundua kwamba mkono anao.

Halafu wapeni karata. Tunajua kuna matangazo mlangoni, "Hairuhusiwi kucheza gemu". Solitaire iliwekwa kwenye Windows mwaka 1990 na hadi leo hatujaona zoezi linaloshinda lile la kuburuta karata nyekundu hadi juu ya nyeusi na kuiachia. Minesweeper nayo inamlazimisha mtu kutofautisha kitufe cha kushoto na cha kulia, maana akikosea analipuka. Kwenye mashine za Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, ipo programu ya GCompris, ya bure, yenye mazoezi ya mausi na kibodi hata kwa watoto wa msingi. Vipindi viwili vya karata vinatosha, baada ya hapo ndipo tangazo la mlangoni lianze kazi.

Kibodi ina mitego midogo ambayo inafukuza watu wengi kuliko hofu yoyote. Mfano ni alama ya @. Kompyuta nyingi za mitumba hutoka Uingereza au Marekani. Kibodi ya Marekani ina @ juu ya namba 2. Ya Uingereza ina @ karibu na Enter, na juu ya namba 2 kuna alama ya mtajo. Kama kibodi ni ya nchi moja na mpangilio ndani ya mashine ni wa nchi nyingine, mwanafunzi anabonyeza @ anayoiona kwa macho yake, kwenye kioo inatokea ". Anarudia, inarudi ileile. Mfumo unamwambia barua pepe si sahihi, naye anaamini kwamba yeye ndiye si sahihi. Tiba ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi, mpangilio unabadilika kama yote miwili imewekwa. Kama haijawekwa, fundi auongeze kwenye mipangilio ya lugha na afute usiohitajika.

Mingine ni ya aina hiyohiyo. Caps Lock ikiwaka, pasiwedi inakataliwa bila maelezo. Num Lock ikizimwa, namba za upande wa kulia hazitoki. Kwenye baadhi ya laptopu ndogo ikiwashwa, herufi U, I na O zinatoa 4, 5 na 6. Kitufe cha Insert kikiguswa kwa bahati mbaya, kila herufi mpya inakula iliyo mbele yake, na mtu anapiga kelele kwamba kuna kirusi. Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo kinatokea kisanduku cha "Sticky Keys", jibu "No". Yote haya yanaenea kwenye karatasi moja ya A4 kwa Kiswahili, ikabandikwa juu ya kila mashine. Chapisheni, ni shilingi chache.

Kuhusu kuchapa kwa vidole vyote: F na J vina vinundu ili vidole vya shahada vijue nyumbani bila macho kutazama. Dakika 15 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi. Hapo hatuna la kuongeza.

Kuna jambo jipya ambalo mitaala inalipita haraka. Vijana wanaoingia kidato cha kwanza wanaijua simu kuliko walimu wao, na tunadhani basi kompyuta watapaa nayo. Simu haijawahi kuwauliza faili likae wapi. Picha zinajipanga zenyewe, nyimbo zinajipanga zenyewe. Kwenye kompyuta kijana anaandika kurasa mbili, anafunga dirisha, anaulizwa kama anataka kuhifadhi, anabofya chochote kinachoondoa kile kisanduku. Kazi imekwenda. Dawa yake ni mazoea: kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, bonyeza Ctrl na S, chagua folda yenye jina lako na darasa lako, ipe hati jina linaloeleweka kama "barua_ya_kijiji_machi", ndipo uandike. Kila aya ikiisha, Ctrl na S tena. Mwisho wa kipindi zima mashine kabisa, na kipindi kinachofuata kianze kwa kuitafuta hati ya jana. Asiyeiona hajafundishwa bado, hata kama jana aliandika vizuri.

Na flashi. Ikipita steshenari mbili tatu inarudi folda zote zimegeuka njia za mkato, watu wanaiformati na kazi ya muhula mzima inapotea. Faili zilikuwemo, zimefichwa tu. Usibofye zile njia za mkato, ndizo zinazomwamsha kirusi. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika hivi, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Faili zikitokea, nakili hati na picha zako tu, usinakili kitu usichokijua, pitisha antivirasi kwenye mashine, na flashi iformatiwe baada ya hapo. Maafisa TEHAMA wanalijua hili. Mwalimu wa shule ya kata hajui, na ofisi ya afisa TEHAMA iko kilomita nyingi.

Tugeukie watu wazima, kwa sababu siku hizi kazi yao imehamia ndani ya mashine bila wao kuulizwa. Mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wa zahanati wana FFARS, mfumo wa hesabu za kituo. Manunuzi yako NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) ya kahawa kule Mbozi ana MUVU, mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika. Mafunzo yao huwa semina ya siku tatu ukumbini, projekta ukutani, mkufunzi anabofya, washiriki wananakili kwenye daftari "bofya hapa, kisha hapa". Wiki moja baadaye kitufe kimehamishwa na toleo jipya la mfumo, na daftari halina maana tena.

Posho na ukumbi wa siku tatu vinatosha kulipia Jumamosi sita za nusu siku kwenye shule ya kata, watu wasiozidi 12 kwa mkufunzi mmoja, kila mtu akija na kazi yake halisi: muhtasari wa mkutano wa kijiji, orodha ya mahudhurio, taarifa ya robo mwaka. Kati ya Jumamosi moja na nyingine kuna siku sita za kukwama ofisini na kurudi na swali. Swali hilo ndilo somo. Semina ya mfululizo haina siku za kukwama.

Kabla ya somo la kwanza, pimeni macho. Baada ya miaka 40 jicho huanza kupoteza uwezo wa kuona karibu, na katika wale wanaoandikwa "hawezi kompyuta" wapo ambao hawaoni tu maandishi madogo. Bofya kulia kwenye uwanja mtupu wa kioo, chagua "Display settings", panapoandikwa "Scale" weka 125 au 150. Mshale ukuzwe pia. Boksi la miwani ya kusomea ya +1.00 hadi +2.00 likae chumbani kama vifaa vingine.

Kitu kimoja cha Excel tunaomba kifundishwe kwa kila anayegusa orodha za wananchi, kuanzia mtendaji wa kijiji. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Ya 16 hadi ya 20 inazigeuza sifuri, na kwenye kioo inaonyesha kitu kama 1.98E+19. Mtendaji anakesha akiandika orodha ya wakulima wa mbolea ya ruzuku, anahifadhi, asubuhi anafungua na kila namba inaishia sifuri tano. Hazirudi. Ni kurudi kwenye karatasi na kuanza upya, na kama karatasi zimesharudishwa vitongojini, ni kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kinga inafanyika kabla ya kuandika: bofya herufi ya juu ya safu ili safu yote ichaguliwe, bofya kulia, "Format Cells", chagua "Text", kisha andika. Au acha vistari vya kwenye kitambulisho kama vilivyo, Excel itaichukua kama maandishi. Safu ya namba za simu ifanyiwe vivyo hivyo, la sivyo sifuri ya mwanzo inaliwa.

Tarehe nazo. Mashine yenye mpangilio wa Marekani ikiandikiwa 05/03/2025 inaelewa Mei 3. Ikiandikiwa 25/03/2025 haielewi kabisa na inaiacha kama maandishi. Alama ya kuitambua ni rahisi: baadhi ya tarehe zimekaa kulia kwa seli, nyingine kushoto. Mkiona hivyo kwenye taarifa iliyoletwa mezani kwenu, msijumlishe chochote, rudisheni. Mashine ibadilishwe "Region" iwe Uingereza au Tanzania, siku itangulie mwezi.

Kuna tatizo la barua pepe za steshenari, na hili linaumiza zaidi kuliko yote kwa sababu linajitokeza miaka baadaye. Mhitimu wa kidato cha sita anataka kuomba mkopo HESLB, au kujisajili Ajira Portal. Hana barua pepe. Kijana wa steshenari anamfungulia kwa haraka, anaweka namba yake mwenyewe ya simu ili ujumbe wa uthibitisho uingie upesi, na pasiwedi anaiandika kwenye daftari lake la wateja, mara nyingi moja kwa wote. Mwaka wa pili mhitimu anabadilisha simu, akaunti inadai uthibitisho, ujumbe unaenda kwa mtu aliyekwisha kufunga duka na kuhamia mji mwingine. Hana njia tena ya kuingia mahali ambapo majibu yake yanatumwa. Tusiwalaumu vijana wa steshenari. Wanafanya kazi ambayo shule haikuifanya. Ila tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, daftari lile la pasiwedi za watu si jambo la kuchekea.

Kila mwanafunzi wa kidato cha nne afungue barua pepe yake mwenyewe shuleni, kwa vidole vyake, kwa namba ya simu ya mzazi kama hana yake, na barua pepe ya pili ya dharura iwe ya mtu wa familia. Pasiwedi iwe sentensi fupi anayoikumbuka, si jina na mwaka wa kuzaliwa. Aiandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Hilo ni salama kuliko picha ndani ya simu inayoweza kuibwa stendi ya Nane Nane. Na afundishwe kubadilisha namba ya urejeshaji siku anapoacha laini, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine.

Tumebakiza mashine zenyewe. Hapa tutasema kwa ufupi, ingawa ndipo pesa nyingi inapopotelea.

Mvua zetu hunyesha Novemba hadi Aprili, na Rungwe hazina adabu ya kuisha. Stebilaiza husaidia umeme unaopanda na kushuka, haizuii radi. Radi inazuiwa kwa kuchomoa: plagi ukutani, waya wa mtandao, na waya wa antena unaoshuka kutoka paani, kwa kuwa kuzima swichi tu hakutoshi na radi huingia vilevile kwa waya wa mtandao. Wakati wa masika kila chumba kifungwe jioni kikiwa kimechomolewa, na kazi hiyo iandikwe kwenye daftari la makabidhiano. Ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ipimwe na fundi mwenye leseni. Tundu la tatu la soketi lisilofika ardhini ni pambo. Ekstensheni zisifungwe moja juu ya nyingine: soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000, kompyuta kumi za mezani zinachukua karibu nusu ya hizo, kisha mtu anachomeka birika la chai.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 inashika kompyuta moja ya mezani na monita yake kwa dakika chache. Dakika hizo ni za kuhifadhi na kuzima, si za kuendelea na somo, na hili lifundishwe. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS kamwe, inavuta umeme mwingi kwa mpigo na kuiua. Betri ya ndani, aghalabu ya volti 12 na ampea-saa 7, huchoka ndani ya miaka miwili hadi mitatu. UPS inaanza kulia, inatupwa stoo, kumbe kilichokufa ni betri pekee na inauzwa peke yake. Kagueni stoo zenu kabla ya kuagiza mpya. Na pale umeme unapokatika mara kwa mara, nunueni laptopu, kila moja inakuja na betri yake tayari.

Kompyuta inayokataa kuwaka huku ikitoa milio, tarafa nzima ya vumbi la Usangu inazo. Ichomoe, fungua kasha, gusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli, toa RAM (kadi ya kumbukumbu), sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, ifute, irudishe hadi vishikizo vya pembeni vilie. Mara nyingi inawaka. Feni zipulizwe kila likizo.

Kuna hitilafu nyingine inayoonekana kama ya intaneti na siyo. Saa ya mashine inarudi miaka nyuma kila ikizimwa, na kila tovuti inadai muunganisho si salama. Watu wanapiga simu kwa mtandao wa simu na kulalamika. Kilichoisha ni betri ndogo ya CR2032 ya volti 3 iliyo kwenye ubao mama, mviringo kama sarafu. Tovuti zina vyeti vyenye tarehe, na mashine inayodhani iko mwaka 2009 inaona vyeti vyote ni batili. Badilisha betri, rekebisha tarehe, intaneti "inapona".

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya usalama Oktoba 14, 2025. Windows 7 iliacha Januari 2020. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za kuanzia takribani mwaka 2018, kwa hiyo kompyuta nyingi za msaada hazitaipokea. Msizitupe. Toa diski ya zamani (hard disk), weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 240, fikisha RAM GB 8, weka Linux Mint pamoja na LibreOffice, programu za bure za kuandikia na za majedwali. Mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika tano itawaka chini ya moja, na hizo dakika nne ni zilezile tulizozipigia hesabu mwanzoni. Kwa shule zenye mtihani wa vitendo, bakizeni chache zenye Windows, zikae nje ya intaneti.

Bando nalo lina mwizi ndani ya nyumba. Unganisha kompyuta kumi kwenye ruta ya laini, zote zinaanza kupakua masasisho, GB zinaisha kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa. Kwenye mipangilio ya mtandao, ingia sifa za muunganisho mnaoutumia, washa "Metered connection" kwa kila mashine. Masasisho yafanyike moja moja usiku wa Ijumaa. Masomo yawekwe ndani ya kompyuta moja inayogawia nyingine bila intaneti. Programu ya Kolibri inafanya hivyo bure.

Tunachoomba kwenye bajeti ni hiki. Katika kila shilingi 100 ya kununua kompyuta, 30 zitengwe kwa umeme, vipuri na msimamizi wa jioni. Kwa kila mashine kumi kuwe na vipanya vinne vya akiba, kibodi mbili, betri kumi za CR2032, pawa saplai mbili na SSD moja. Zabuni zitaje SSD na RAM ya GB 8 kwa maandishi, na halmashauri nzima inunue modeli moja au mbili tu, ili mashine iliyokufa Igurusi itoe vipuri kwa ya Chimala. Taarifa ya robo mwaka ya kila shule iseme saa ambazo chumba kilikuwa wazi. Idadi ya kompyuta zilizopokelewa tunayo tayari, kila mwaka, pamoja na picha za makabidhiano.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vifungu hufungwa miezi mingi kabla. Waraka wa funguo hausubiri bajeti. Unaweza kutoka wiki hii. Majibu yenu tunaomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, ambako walimu wa jioni na watendaji hupita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi, walimu na wakufunzi wa kompyuta,
Nyanda za Juu Kusini.